Mteja Anauliza Bei, Tovuti Inamjibu Dira na Dhamira

Mtu akitaka kitanda cha sita kwa sita cha mninga jijini Dar es Salaam, wenyeji watamwelekeza Keko. Hapo Temeke vitanda na makabati hupangwa kando ya barabara yakisubiri vanishi, msumeno unalia nyuma ya mabati, na fundi anayepima ubao ana wateja aliowapata kwa maneno ya mdomo tu: jirani kamwambia jirani, shemeji kamwambia shemeji. Utaratibu huo haujafa wala haufai kufa. Ila siku hizi, kabla jirani hajaulizwa, simu inaulizwa kwanza. Mteja yuko Mbezi au Kigamboni, kajinyoosha kwenye kochi saa tatu usiku, anaandika "kitanda cha mninga bei gani Dar", kisha anasubiri.

Anacholetewa kinasikitisha. Kwanza zinakuja kurasa za Instagram zenye picha nzuri kabisa, na chini ya kila picha maneno ni yale yale: "Bei njoo inbox." Yanafuata matangazo ya kuuza na kununua ambayo hujui yaliwekwa lini. Halafu, ikitokea karakana moja ina tovuti, inafunguka taratibu, inaonyesha picha kubwa ya watu wenye suti wakipeana mikono, watu ambao hawajawahi kukanyaga Keko, na maandishi yanasema: "Karibu kwenye tovuti yetu. Sisi ni kampuni inayoongoza katika utoaji wa huduma bora kwa viwango vya kimataifa." Chini yake Dira. Chini ya Dira, Dhamira. Kisha Maadili ya Msingi. Namba ya simu iko mwisho kabisa, tena imeandikwa ndani ya picha, kwa hiyo ukiibonyeza haipigi.

Mteja aliuliza bei. Hakuna aliyemjibu, na kesho yake anaenda kununua kitanda cha kutoka nje dukani kwa sababu pale bei imebandikwa kwenye mbao za kichwani.

Ninaliandika hili kwa uchungu kidogo kwa sababu kazi ya mikono ya mafundi wetu ni nzuri na inadumu. Kinachokosekana ni maelezo. Naamini kabisa kwamba karakana, saluni, gereji, mama anayeoka keki nyumbani na mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba vitano wanaweza kuwa na tovuti inayowaletea wateja, na kwamba tovuti hiyo ni nyepesi na rahisi kuliko ile wanayouziwa. Sharti lake ni ianze na maswali ya mteja. Sifa za mwenye biashara zije baadaye, kama zitahitajika.

Maswali hayo si siri. Kaa asubuhi moja kwenye karakana yoyote usikilize wanaoingia. Mnatengeneza nini? Hiki bei gani? Nikitaka kikubwa zaidi itakuwaje? Inachukua siku ngapi? Mnaleta nyumbani? Advansi kiasi gani? Na lile lisilosemwa kwa sauti: nikikupa hiyo advansi, nitakukuta hapa wiki ijayo? Kila karakana inayajibu maswali haya mara kumi kwa siku, kwa maneno mepesi, bila kumtaja mtu yeyote wa kimataifa. Fundi yule yule akitengenezewa tovuti, majibu yote yanatoweka.

Sasa tuchukue ukurasa ule wa mbele tuuandike upya. Tunafuta "karibu kwenye tovuti yetu", tunafuta kampuni inayoongoza, tunaondoa watu wenye suti. Juu kabisa, penye maandishi makubwa, tunaweka: "Vitanda, makabati na milango ya mninga, mkongo na mtiki. Keko, Dar es Salaam." Chini yake vitufe viwili, kimoja cha kupiga simu na kingine cha WhatsApp. Kisha picha tatu zilizopigwa karakanani kwa simu, asubuhi, kitu kikiwa kimetolewa nje kwenye mwanga, na chini ya kila picha sentensi za namna hii: "Kitanda cha tano kwa sita, mninga, bila godoro. Kinaanzia shilingi" (hapo inaandikwa bei ya kweli) "na kinakamilika ndani ya siku kumi. Advansi ni nusu. Tunaleta kwa kirikuu popote Dar es Salaam, nauli analipa mteja." Kinafuata kipande kifupi cha namna ya kufika na saa za kazi. Ukurasa umekwisha. Mteja anausoma akiwa kituoni, na kabla daladala haijafika ameshaamua kama apige simu.

Mtu ataniambia huo si usanifu, ni bango la barabarani lililowekwa kwenye simu. Nakubali, na bango zuri la barabarani limeuza mali nyingi nchi hii kuliko vijitabu vya rangi vinavyogawiwa kwenye makongamano.

Sehemu ngumu ni bei. Nimewasikia wafanyabiashara wakieleza kwa nini hawaiweki hadharani, na sababu zao zina uzito. Mbao hupanda bei bila taarifa. Kila mteja anataka chake. Mshindani ataona ashushe. Mteja akiona bei kabla ya kuzungumza atakimbia, lakini akija inbox unaweza kumshawishi. Hii ya mwisho ndiyo inayosemwa zaidi, na ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote.

Mshindani wako yuko hatua ishirini kutoka hapo ulipo, ananunua mbao pale pale unaponunua, na bei zako anazijua tangu zamani. Asiyezijua ni mteja peke yake. Kuhusu mbao kupanda, neno "kuanzia" na tarehe vinatosha: "Bei hizi ni za mwezi huu." Kuhusu kila mteja kutaka chake, weka mifano mitatu yenye vipimo na aina ya mbao, naye atajua mahali pake ni wapi, karibu na mfano wa kwanza au wa tatu. Na yule anayekimbia baada ya kuona bei, angekimbia hata baada ya kuzungumza naye dakika ishirini kwenye WhatsApp, ukiwa umeacha randa chini ili umjibu.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji hawalioni kwa sababu wako upande wa pili wa meza. Bei inapofichwa, mnunuzi anahisi atapangiwa bei kwa kuangaliwa sura, mavazi au lafudhi yake. Kariakoo imeishi na hofu hiyo miaka mingi. Ndiyo iliyowapa kazi mawinga, wale vijana wanaomdaka mgeni mtaani, wanampeleka dukani na kuweka cha juu, na mgeni analipa kwa kutojua. Fikiria basi Mtanzania aliyeko Muscat au London anayejenga nyumba Bunju kwa kutuma fedha kidogo kidogo. Hawezi kuja kugusa mbao. Ameshachoka kuambiwa bei na ndugu ambao hana namna ya kuwahakiki. Ukurasa wa wazi wenye vipimo, aina ya mbao na bei ndiyo njia pekee ya fundi wa Keko kumfikia mtu huyo bila kupitia kwa mtu wa kati, na mtu huyo hanunui kitanda kimoja, ananunua milango tisa na makabati ya jikoni.

Swali la "uko wapi" nalo lina taabu zake. Mwaka 2022 serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi kuelekea sensa ya Agosti 23, na mitaa mingi ikapata majina na nyumba zikabandikwa namba. Ni hatua kubwa. Hata hivyo bodaboda bado anaelekezwa kwa msikiti, mwembe, kituo cha mafuta na duka la mabati. Tovuti ya karakana iwe na yote mawili: anwani rasmi, na maelekezo kama yale unayompa mteja kwa simu. "Shuka kituo fulani, vuka barabara, ingia njia ya kushoto inayopita pembeni ya zahanati, uliza karakana ya mkongo." Sentensi hiyo ina thamani kuliko ramani ya rangi.

Ramani nayo ina kazi yake, na hapa kuna kitu cha bure ambacho wengi wamekiacha mezani. Google ina huduma ya Wasifu wa Biashara. Unajisajili kwa simu yako, unaandika jina la biashara, aina yake, saa za kazi na namba, unaweka alama mahali ulipo, kisha Google inathibitisha kwamba biashara ipo kweli, mara nyingine kwa kukutaka urekodi video fupi ya mahali penyewe. Ukishathibitishwa, mtu akitafuta "fundi sofa karibu na mimi" unaweza kutokea pamoja na kitufe cha kupiga na cha kuelekezwa njia, hata kama huna tovuti kabisa. Kama ningetakiwa kuchagua kitu kimoja cha kufanywa leo na mwenye gereji asiye na shilingi ya tovuti, ningechagua hiki.

Kifanywe kwa uangalifu tu. Alama ikiwekwa upande usio sahihi wa barabara kuu, mteja ataishia kwenye ukuta wa ghala la mtu. Jina, namba na saa viwe sawa sawa na vile vilivyo kwenye tovuti na Instagram, kwa sababu mteja akikuta namba mbili tofauti anaanza kujiuliza ipi ni ya tapeli. Mwezi wa Ramadhani au wakati wa sikukuu, saa zikibadilika zibadilishwe pia kwenye simu. Maoni na nyota zitakuja zenyewe ukiwaomba wateja walioridhika, na anayelalamika ajibiwe kwa adabu, hadharani, aambiwe kitu gani kimerekebishwa. Kuwaomba binamu sita waandike sifa usiku mmoja ni ulaghai, na wasomaji huutambua.

Sasa tuje kwenye uzito. Tovuti ya kwanza duniani, iliyowekwa hewani na Tim Berners-Lee mwaka 1991 kwenye kituo cha utafiti cha CERN mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ilikuwa maandishi na viungo, basi. CERN imeirudisha kwenye anwani yake ya awali, na hadi leo inafunguka kwenye simu yoyote ile kufumba na kufumbua. Ukurasa wa kawaida wa leo, kwa wastani, unazidi megabaiti 2. Nyingi kati ya hizo si habari anayoihitaji mteja, ni picha zisizopunguzwa, maandishi yanayoruka kutoka pembeni, video inayojicheza yenyewe na vikorokoro vya kumfuatilia mgeni. Mwaka 2016 Google ilitoa takwimu kwamba zaidi ya nusu ya ziara za kwenye simu, asilimia 53, huachwa kama ukurasa unachukua zaidi ya sekunde 3 kufunguka. Hizo zilikuwa takwimu za watu kwa ujumla. Hapa kwetu, mteja amenunua bando la siku, anajua limebaki MB ngapi, na kila picha yako nzito anailipia yeye.

Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikadorora Tanzania na katika nchi kadhaa za jirani. Siku kama zile ndipo unapoona tofauti kati ya ukurasa wa maandishi na ukurasa wa mapambo. Lakini huhitaji nyaya kukatika. Nenda tu ndani ya jengo lenye zege nene, au kijiji chenye mnara mmoja wa simu, ufungue tovuti yako mwenyewe.

Dawa yake haina gharama. Picha inayotoka kwenye simu ya kisasa huweza kuwa na megabaiti 3 au 4. Ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, na mara nyingi hubaki na kilobaiti mia chache au chini ya hapo, ikiwa bado inaonekana vizuri kabisa kwenye kioo cha simu. Kwa hiyo mwenye saluni asiyejua programu yoyote ya picha anaweza kujitumia picha yake mwenyewe WhatsApp, kisha akaichukua hiyo iliyopunguzwa na kuiweka kwenye tovuti. Picha zisizidi sita au saba kwenye ukurasa. Maandishi yawe meusi juu ya nyeupe, makubwa ya kusomeka juani, maana wateja wengi husoma simu wakiwa nje. Rangi mbili zinatosha.

Viungo vifanye kazi kwa kidole. Namba ya simu iwekwe kwa namna ambayo ukiibonyeza simu inapiga. Kiungo cha WhatsApp huandikwa wa.me, kisha mkwaju, kisha 255 na namba yako bila sifuri ya mwanzo. Kinaweza pia kubeba ujumbe ulioandikwa tayari, kwa mfano "Habari, naulizia kitanda cha tano kwa sita", hivi kwamba mteja anabonyeza kutuma tu, na fundi anajua mara moja mtu huyu ametoka ukurasa upi. Kwa programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, mfanyabiashara anaweza pia kuweka orodha ya bidhaa zake na majibu ya haraka humo humo. Tovuti na WhatsApp havishindani. Tovuti inajibu maswali yanayofanana, WhatsApp inabaki kwa mazungumzo ya kweli.

Wengi huuliza hapo: kama Instagram na WhatsApp zipo, tovuti ya nini? Jibu langu liko kwenye tarehe Oktoba 4, 2021. Jioni ile, kabla ya saa moja kwa saa za Afrika Mashariki, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Kampuni ilieleza baadaye kwamba amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata mtandao wake wa ndani unaounganisha vituo vyake vya data. Kwa mfanyabiashara wa hapa aliyekuwa na kila kitu ndani ya programu hizo, jioni nzima ilipotea: oda, namba za wateja, picha, hata njia ya kuwaambia watu kwamba bado yupo. Ile ilikuwa ajali, na mambo yalirudi. Akaunti inayodukuliwa au kufungiwa mara nyingine hairudi, na wafuasi elfu ishirini wanaondoka nayo.

Vya bure vinavyotolewa na kampuni kubwa navyo vina mwisho wake. Google iliwahi kuwawezesha wenye Wasifu wa Biashara kutengeneza tovuti ndogo ya bure kwa dakika chache, na biashara nyingi ndogo ziliitumia. Machi 2024 tovuti hizo zote zilizimwa. Aliyekuwa ameichapisha anwani ile kwenye kadi zake za biashara na kuiandika ubavuni mwa gari lake alibaki na rangi tu.

Ndiyo maana nasisitiza jina lako mwenyewe. Kwa Tanzania, majina yanayoishia na .co.tz yako chini ya msajili wa kitaifa, na hununuliwa kwa mawakala waliosajiliwa naye. Kenya kazi hiyo ya .co.ke hufanywa na KeNIC. Unalipia kila mwaka, na si gharama ya kumtisha mtu mwenye karakana. Ukishakuwa na jina, unaweza kuhamisha tovuti kutoka kampuni moja ya kuihifadhi kwenda nyingine, kubadilisha fundi, kubadilisha muonekano wote, na mteja aliyeandika jina lile kwenye daftari lake miaka mitano iliyopita bado atakupata. Chagua jina linaloweza kusemwa kwa simu mara moja likaeleweka, bila vistari na bila tarakimu katikati ya herufi.

Na jina lisajiliwe kwa jina lako, kwa barua pepe yako. Mchezo unaowaumiza wengi ni huu: kijana wa kutengeneza tovuti analisajili jina kwa barua pepe yake, mwaka unapita, yeye amepata kazi mkoani au amebadilisha namba, muda wa malipo unaisha, na mwenye biashara hana pa kuingilia. Si lazima kijana huyo awe mbaya. Hakuna aliyemwambia afanye vingine.

Kisha lugha. Karibu kila mtu anayetengeneza tovuti hapa huanza na Kiingereza, hata kama mteja wa mwisho anaishi Mbagala. Wanadhani kinaleta heshima. Kwa nyumba ya wageni ya Paje au kampuni ya kupandisha watalii Mlima Kilimanjaro, Kiingereza ni lazima, na Kifaransa au Kijerumani vikiongezwa ni vizuri zaidi. Lakini mtu anayetafuta fundi wa kufunga geti la chuma Tabata haandiki maneno ya kwenye vitabu. Anaandika "fundi geti Tabata". Mashine za kutafuta hulinganisha maneno yaliyoandikwa na maneno yaliyoko kwenye kurasa, na kama ukurasa wako hauna neno geti wala Tabata, umejificha mwenyewe. Andika unavyoitwa na wateja. Taja eneo kwa jina. Kichwa cha ukurasa, kile kinachotokea kwa herufi za bluu kwenye Google, kisiwe "Mwanzo" au "Karibu". Kiseme "Mageti na madirisha ya chuma, Tabata". Kurasa za namna hii kwa Kiswahili bado ni chache, na kwenye uwanja wenye watu wachache aliyesema waziwazi anaonekana upesi.

Jambo la kiufundi ambalo fundi wa tovuti asiliruke: tovuti iwe na ulinzi wa https. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huonya kwamba tovuti isiyo na ulinzi huo si salama, na mteja akiona onyo anarudi nyuma. Cheti chake hutolewa bure na Let's Encrypt, kwa hiyo mtu asikutoze fedha nyingi kwa jambo hilo. Na kama unaomba watu waandike majina na namba zao kwenye fomu, kumbuka Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usikusanye usichokihitaji.

Imani ndiyo inayofunga biashara. Watu wametapeliwa sana kwenye simu, hivyo wanapima kila kitu. Picha za kazi zako mwenyewe, zikiwa na ukuta wa karakana yako nyuma, zinathibitisha zaidi kuliko picha safi zilizochukuliwa mtandaoni. Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara ni bora kuliko namba ya mtu binafsi, kwa sababu mteja huliona jina hilo kwenye simu kabla hajaweka namba ya siri, na jina linapofanana na lile la kwenye tovuti, moyo unatulia. Andika pia nini kitatokea kitanda kikichelewa au kikipasuka. Fundi anayeandika "mbao ikipinda ndani ya mwaka mmoja tunarekebisha bure" amesema kitu ambacho Dira na Dhamira haziwezi kukisema.

Matangazo ya kulipia yaje mwisho, ukurasa ukishakaa sawa. Kuboosti posti kwa elfu kumi na kumpeleka mtu kwenye "njoo inbox" ni kulipia maswali. Tangazo lilenge eneo ambalo kweli unaweza kupeleka mzigo, litaje kitu kimoja na bei yake, na limpeleke mteja kwenye ukurasa wa kitu hicho hicho. Kupima matokeo hakuhitaji mtaalamu. Weka daftari kaunta, na kila anayenunua aulizwe, "Umetupataje?" Andika: jirani, Google, Instagram, bango. Ukichanganya na Search Console ya Google, ambayo ni bure na inaonyesha maneno watu waliyoandika hadi wakakufikia, baada ya miezi mitatu utajua fedha yako iende wapi. Wengine watagundua kwamba wateja wao wengi bado wanaletwa na jirani. Hao waache kulipia matangazo, watafute namna ya kumshukuru jirani.

Tovuti ikishakamilika, fundi aliyeitengeneza atadai salio lake, na ana haki. Kabla ya kumlipa, kaeni pamoja na simu ya bei nafuu yenye bando, siyo kompyuta yake wala Wi-Fi ya ofisini kwake. Ifungueni. Bonyeza namba uone kama inapiga. Mwambie akukabidhi barua pepe na nywila za jina la tovuti, za mahali inapohifadhiwa na za Wasifu wa Biashara, uziandike mahali pako. Kisha, yeye akiwa ameketi pembeni mikono mapajani, ingia mwenyewe ubadilishe bei ya kitanda kimoja na uone mabadiliko yanatokea. Ukishindwa, akufundishe hadi uweze, na salio lisubiri.